Shida Yako Iko Kwenye Mlango Gani? Mazungumzo juu ya matawi ya sheria za inchi yetu

Haya ndiyo maneno tuliyosema kwenye mkutano mkuu wa chama. Wengi hawakufika juu ya mvua na kazi ya mashamba, wakaomba tuyaweke ndani ya gazeti letu. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema.



Leo hatukuja kuhubiri, na hatuko ma-avoka. Tuko watu wa komite tu, kama mnavyotujua. Lakini komite ilifanya kosa, na kosa lile ndilo lililotusukuma kwenda kuuliza na kujifunza haya tunayowaletea.

Mnakumbuka ile habari ya likelemba. Ndugu yetu mmoja alichukua dola 60 kwenye kasha la chama ili auze samaki. Biashara ikaanguka. Mwezi wa kwanza hakurudisha, wa pili hakurudisha. Sisi komite tukakasirika, tukabeba karatasi aliyotia sahihi, tukaenda kwenye ofisi moja ya polisi. Hatutaitaja. Pale tulilipa pesa ya kuandika, tukalipa pesa ya mafuta ya pikipiki, wakaenda kumkamata. Alilala ndani ya kasho usiku nne. Mke wake akauza karanga zake zote, hata zile za mbegu, ili atolewe. Pesa ya karanga ilibaki kule ofisini. Kwenye kasha la chama haikurudi hata franka moja. Na msimu ule mama yule hakupanda.

Baadaye avoka mmoja, kwenye ofisi ya mashauri ya bure, akatuuliza neno dogo tu: “Deni ni kosa la tawi gani?” Tukanyamaza. Hatukujua kwamba sheria iko na matawi. Sisi tulifikiri sheria ni sheria, na mlango wake ni polisi. Kumbe tulimpeleka mwenzetu kwenye mlango usiokuwa wake. Tulienda nyumbani kwake kuomba radhi, naye ametuachia tuseme habari hii bila jina lake. Ndiyo maana tuko hapa.

Kila mlango na mstari wake

Wale waliokaa Nyarugusu au Lugufu watatuelewa haraka. Kule kambini, unga ulikuwa na mstari wake. Dispensari ilikuwa na mstari wake. Karatasi za familia zilikuwa na ofisi yake. Mtu mwenye malaria hakupanga mstari wa unga. Angepanga hapo kutoka asubuhi mpaka jioni, angerudi na malaria yake nyumbani. Hakuna aliyekuwa mbaya: yule wa unga hakuwa na dawa, basi.

Sheria za inchi yetu ziko vilevile. Kuna shida ya deni, kuna shida ya mpaka wa shamba, kuna shida ya kupigwa, ya mshahara, ya urithi, ya ofisi iliyokunyima karatasi. Kila moja iko na kitabu chake, watu wake, na tribinali yake (ile tuliyoita mahakama kule Tanzania). Ukikosea mlango unapoteza pesa na wakati, na mara nyingine unapoteza haki yenyewe, maana malalamiko mengine yako na siku zake za mwisho.

Tena tusisahau: Tanzania walipata namna yao ya sheria kwa Waingereza, na kule mwamuzi anatazama sana hukumu zilizokatwa mbele yake. Kongo ilipata namna yake kwa Wabeleji. Hapa mwamuzi anafungua kwanza kitabu, yaani kodi iliyoandikwa. Ndiyo maana hapa mtu anakuuliza kila mara: “Artikle gani?” Tulioishi kule miaka mingi tulirudi na mazoea ya kule, na mazoea yale hayatoshi hapa.

Shina ni Katiba

Juu ya sheria zote kuna Katiba ya 18 Februari 2006, ambayo iliguswa kidogo tarehe 20 Januari 2011. Sheria yoyote inayopigana nayo haina nguvu. Tunachagua maneno matatu tu ya ndani yake, maana yanatugusa kila siku.

Artikle ya 17 inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Hawawezi kumkamata mama kwa sababu mtoto wake amekimbia, wala kaka kwa ajili ya mdogo wake.

Artikle ya 18 inasema mtu akikamatwa aambiwe palepale sababu, kwa lugha anayoielewa. Na polisi haiwezi kumshika zaidi ya saa 48. Zikipita, wamwachilie au wampeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Yule ndugu yetu alishikwa usiku nne. Hesabuni wenyewe.

Artikle ya 153 inasema tribinali zinaweza kufuata desturi za wazee wetu, lakini kama desturi ile haipigani na utaratibu wa watu wote wala na mwenendo mwema. Shikeni neno hili, tutarudi kwake.

Kutoka kwa shina hili kunatoka matawi makubwa mawili. La kwanza ni sheria ya umma: mambo ambamo Leta yenyewe imo, kama mtawala au kama mshitaki. La pili ni sheria ya watu kwa watu: mambo kati yangu na wewe, Leta ikikaa katikati kama mwamuzi tu.

Tawi la kwanza: mambo ya Leta

Ndani ya sheria ya umma kuna sheria ya utawala. Hii inahusu shefu, sekta, teritware, etasivili, kadasta, kodi, karatasi. Ofisi ikikunyima kitu ambacho ni haki yako, au ikitoa barua inayokuumiza, shida yako iko hapa. Hatua ya kwanza ni kuandika barua kwa ofisi ileile, au kwa mkubwa wake, na kushika kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Usiende mikono mitupu ukapiga kelele kwenye baraza. Bila barua, baadaye hauna kitu cha kuonyesha. Na usikawie, maana siku za kulalamika zinahesabiwa.

Halafu kuna sheria ya makosa, ile wanaita penal. Walimu wa sheria wanabishana kama iko upande wa umma au inasimama peke yake. Kwetu sisi inatosha kujua hivi: hapa anayeshitaki ni Leta, kupitia parke. Kodi yake ni ya 30 Januari 1940, nayo imebadilishwa mara nyingi. Kuiba, kupiga, kuua, kubaka, kuchoma nyumba ya mtu kwa makusudi, kudanganya ili uchukue mali: haya ndiyo mambo yake. Mlango ni polisi wa sheria, yaani OPJ, au parke yenyewe. Makosa ambayo adhabu yake haipiti miaka 5 ya kifungo yanaamuliwa na Tribunal de Paix. Makubwa zaidi yanapanda juu, Tribunal de Grande Instance, kama ile iliyoko Uvira.

Kuna neno moja tunataka wamama walisikie vizuri, na wababa walisikie mara mbili. Sheria mbili za 20 Julai 2006 juu ya ubakaji zimefunga njia ya kumaliza mambo haya kwa faini kwenye ofisi. OPJ hana ruhusa ya kupokea pesa na kufunga karatasi. Shefu naye hana ruhusa ya kuita jamaa mbili, kula mbuzi, na kusema yamekwisha. Mtoto aliyeumizwa anapelekwa kwanza hospitali, haraka, na kesi inaenda parke. Desturi ya kumwoza msichana kwa yule aliyemharibu ndiyo mfano wa desturi inayopigana na sheria.

Na kama aliyefanya kosa ni askari wa jeshi au polisi? Hapo mlango ni wa waamuzi wa kijeshi. Msiseme “askari hashitakiwi.” Hapa kwetu, Baraka, mwezi wa Februari 2011, tribinali ya kijeshi iliyotembea ilikaa mbele ya watu na kumpa liutenanti-kanali mmoja miaka 20 ya kifungo juu ya wamama waliobakwa Fizi siku ya mwaka mpya. Wamama walisimama wakasema, na neno lao likasikiwa.

Tawi la pili: mambo ya mtu na mtu

Hapa ndipo deni letu lilipaswa kuwa. Ile kodi ya maagano na madeni ni ya zamani sana, ya 30 Julai 1888, wakati wa Leopold wa Pili, na mpaka leo inafanya kazi. Inasema agano lililofanywa vizuri ni sheria kwa wale waliolifanya. Mtu akishindwa kulipa, unamwita mbele ya mwamuzi, naye mwamuzi anamwamuru alipe, pengine kwa vipande. Lakini kumfunga kwa sababu hana pesa, hapana. Kongo imetia sahihi agano la mataifa linalokataa jambo hilo, toka mwaka wa 1976.

Kijana mmoja alituuliza tulipokuwa tunatayarisha mazungumzo haya: “Basi wezi watakopa tu, maana hakuna kasho?” Tusichanganye. Kuna mambo matatu yanayofanana kwa macho tu.

Nikikukopesha pesa, biashara yako ikaanguka, ile ni deni. Tawi la mtu na mtu.

Nikikuachia baiskeli yangu uilinde mpaka nirudi, wewe ukaiuza, umekula kitu cha amana. Ile ni kosa la jinai. Parke inaweza kuingia.

Ukinijia na jina la uongo na karatasi za uongo ili nikupe pesa, toka mwanzo ulikuja kunidanganya. Ile nayo ni jinai.

Kwa hiyo kabla ya kupiga mbio, jiulize: Je, aliahidi na akashindwa, au alikuja na uongo? Ndugu yetu wa samaki aliahidi na akashindwa. Tulijua hivyo, na tulimpeleka polisi kwa sababu tulitaka aogope. Tuseme ukweli: hatukutafuta haki siku ile, tulitafuta woga.

Tena shida moja inaweza kuwa ndani ya matawi mawili. Pikipiki ikigonga mtoto wako kwa uzembe, Leta inaweza kumwadhibu mwenye pikipiki. Lile ni tawi la makosa. Na wewe unadai pesa ya hospitali na ya maumivu. Lile ni tawi la mtu na mtu, maana ile kodi ya 1888 inasema aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake atailipa. Unaweza kuomba yote mbele ya mwamuzi mmoja, ukisema toka mwanzo kwamba unadai malipo. Watu wengi wanasahau kusema, mkosaji anafungwa, na wao wanarudi nyumbani na bili ya hospitali.

Jamaa, watoto na urithi

Kodi ya jamaa ni ya 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Mtoto akizaliwa, siku ni 90 za kumwandikisha kwenye etasivili. Zikipita, inatakiwa hukumu ya tribinali. Wale ambao watoto wao walizaliwa Tanzania, zile karatasi za kule msizitupe na msizipake plastiki mkazifungia sandukuni tu: fanyeni kopi, pelekeni kwenye etasivili. Ndoa tuliyofunga kwa jamaa nayo inatakiwa kuandikishwa. Umri ni miaka 18, kijana na msichana sawasawa. Na toka 2016 mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume ili afungue kesi au afanye agano.

Sasa urithi. Mama mmoja wa kundi letu alirudi na watoto wanne. Mume alikufa kule kambini. Kufika, akakuta mashamba mawili ya mume wake mikononi mwa wandugu wa mume. Wakamwambia: “Desturi yetu, mwanamke harithi, na watoto ni wa ukoo.” Akaenda polisi kushitaki wizi. Polisi wakamwita shemeji, wakachukua pesa kwake, wakachukua pesa kwa mama. Misimu miwili ikapita hivyo.

Ile haikuwa wizi. Ilikuwa urithi, na mlango wake ni Tribunal de Paix. Kodi ya jamaa inasema watoto ndio warithi wa kwanza, nao wanapata robo tatu za mali, kwa mafungu sawa, msichana kama kijana. Mjane, pamoja na wazazi na wandugu wa marehemu, wako kwenye kundi la pili. Na mjane ana haki ya kutumia nyumba aliyokuwa akiishi na mume wake. Desturi inayosema msichana hapati kitu inapigana na sheria hii, na hapo ndipo artikle ya 153 inaingia.

Mama huyu, tulipoelewa, tulimsindikiza. Mbele ya wazee na karatasi ya ndoa yake, wandugu wa mume walirudisha shamba moja. Lile lingine bado liko mbele ya tribinali. Hatutawadanganya kwamba yamekwisha.

Ardhi, kichwa cha maumivu yetu

Wengi wenu mlikuja leo juu ya neno hili moja. Tuliondoka mwaka wa 1996 au wa 1998, tukarudi kutoka 2005 na kuendelea, na tukakuta mtu mwingine anavuna mihogo yetu. Sheria ya ardhi ni ya 20 Julai 1973, na iko na mguu mmoja ndani ya kila tawi.

Kwanza: artikle ya 53 inasema udongo ni wa Leta, na Leta haiuzi udongo. Mimi na wewe tunapewa haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kuwa na haki ile milele, akaiachia watoto wake, lakini mpaka awe na agano na Leta na sertifika ya kuandikishwa. Ile sertifika ndiyo inayosema haki ni yako. Ikiisha miaka miwili bila mtu kuipinga, ni vigumu sana kuivunja. Kwa hiyo ukisikia mtu amepata sertifika juu ya parsele yako, usikae unalalamika kwenye masoko. Miaka miwili inapita kama wiki mbili.

Pili: mashamba yetu mengi ya kijiji hayana sertifika. Tuliyapata kwa wazee na kwa shefu. Ile sheria ya 1973 ilisema haki hizo zitapangwa na ordonanse ya Rais, na watu walingojea miaka na miaka. Hatuko bila kinga: mabishano ya mashamba yanayofuata desturi, sheria inayapa Tribunal de Paix iyaamue. Lakini karatasi ya shefu wa lokalite haiko sertifika. Ni ushuhuda. Ushuhuda ni kitu kizuri, uutunze, lakini usifikiri umenunua udongo.

Tatu: jiulize shida yenyewe ni gani. Tulifanya orodha fupi.

Kama mnabishana ni nani mwenye shamba la desturi, anza na wazee na mashahidi wa mpaka, mwandike mapatano. Yakishindikana, Tribunal de Paix.

Kama kuna sertifika, ni Tribunal de Grande Instance, na hapo tafuta avoka.

Kama ofisi imempa mtu mwingine parsele yako, shika kalamu uandikie ofisi ile, kwa haraka.

Kama mtu amebomoa nyumba yako au amekata miti yako kwa makusudi, kile kitendo ni kosa, parke inaweza kukifuata. Lakini parke itaadhibu kuharibu; swali la “shamba ni la nani?” linabaki kwa mwamuzi wa mambo ya mtu na mtu. OPJ hakati mpaka wa shamba. Akikuambia atakata, ujue ni mfuko wako atakaoukata.

Tunaongeza neno kwa vijana wanaochimba. Kuwa na haki juu ya shamba hakukupi dhahabu iliyo chini yake. Vilivyo chini ya udongo ni vya Leta, navyo viko na kodi yao, ya 11 Julai 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Mchimbaji wa mikono anatakiwa karatasi yake na fasi iliyoruhusiwa.

Na tusimsahau yule aliye upande wa pili. Mara nyingine anayelima shamba lako naye ni mkimbizi wa ndani, aliyefukuzwa milimani, akaonyeshwa fasi na shefu. Hakukuibia. Tumeona jamaa mbili zikigawa mavuno ya msimu mmoja, mgeni akapata wakati wa kuhama bila mapanga kutoka. Mapatano kama hayo yakiandikwa na kushuhudiwa, mwamuzi anayaheshimu.

Kazi na biashara

Hapa tunapita haraka. Ukifanya kazi bila kulipwa, kodi ya kazi ni ya 16 Oktoba 2002. Huendi moja kwa moja kwenye tribinali. Unaanza kwa inspekta wa kazi, anayejaribu kuwapatanisha. Akishindwa anaandika karatasi, nayo ndiyo inayofungua mlango wa mwamuzi. Wenye maduka na koperative nao wajue kwamba toka 12 Septemba 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara.

Maswali mliyouliza

Baba mmoja aliuliza: “Nani atalipa haya yote? Sheria ni ya matajiri.” Baba, una haki kusema hivyo, tunajua bei. Lakini kuna karatasi ya ukosefu, inaombwa kwa wakubwa wa utawala, nayo inaweza kukuondolea gharama za tribinali. Na ma-avoka wako na ofisi yao ya mashauri ya bure. Tena hesabu: zile pesa tulizopoteza kwenye mlango usio wetu zingetosha kwenda na kurudi mara tatu.

Mama mmoja aliuliza: “Mimi sijui Kifaransa, nitasema nini mbele yao?” Mama, Kiswahili ni lugha ya taifa, Katiba inaitaja katika artikle yake ya kwanza, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Karatasi zao zitaandikwa Kifaransa, ni kweli. Lakini usitie kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha yako. Sema: “Nisomeeni.” Ukisema hivyo haukosei mtu adabu.

Kijana mmoja aliuliza kama shefu sasa hana kazi. Iko kazi kubwa. Shefu anajua mipaka, anajua nani alikuja mwaka gani, anapatanisha. Tunamheshimu, tunaanza kwake kwa mengi. Lakini hafungi mtu, hamalizi mambo ya damu wala ya ubakaji.

Yale komite imekata

Kwanza, toka leo hakuna mtu wa komite atakayepeleka deni la likelemba polisi. Deni litazungumzwa hapa, mbele ya mashahidi wawili, na litalipwa kwa vipande. Yakishindikana kabisa, Tribunal de Paix.

Pili, kila mkopo utaandikwa kwa Kiswahili, na tarehe, kiasi, na namna ya kurudisha, karatasi mbili, kila upande na yake.

Tatu, mtu mwenye shida aje kwanza Jumamosi asubuhi. Hatutamwamulia. Tutamwuliza tu maswali: Leta imo au haimo? Kuna aliyeumizwa? Kuna karatasi? Lini ilianza? Halafu tutamwonyesha mlango, na mmoja wetu atamsindikiza.

Nne, kasha la chama litanunua mbegu za karanga kwa yule mama. Hilo haliko msaada, wandugu. Ni deni letu, la tawi la pili: tulimletea hasara kwa kosa letu, na anayeleta hasara analipa.

Mume wake anaendelea kurudisha zile dola 60. Mpaka leo amefikisha 35. Hakuna aliyemwogopesha.

Wenye karatasi za mashamba, zileteni mkutano ujao, tuzitazame pamoja.